Mzimamoto na Moto wa Matanga

"Mama Nabalayo," jirani yangu Mama Jasper aliniuliza siku moja, amesimama langoni na mkungu wa matooke kichwani, "huyu askari wako wa zimamoto, kazi yake ni kuzima moto ama kuufuga?"

Mbele ya mlango wa Saverio Ocira, mpangaji mwenzangu hapa uani, palikuwa na sigiri ya mkaa inawaka, na mwenyewe amekaa kando yake kwenye kigoda, helmeti kichwani, anaupepea moto kwa kifuniko cha sufuria kama mzazi anayempepea mtoto mwenye homa.

"Anautunza," nikamwambia. "Mpaka Jumamosi."

"Halafu?"

"Halafu atauzima."

Mama Jasper akacheka hadi mkungu ukayumba. "Kumbe anaunenepesha kwanza!"

Ndiyo maana naandika habari za huyu Ocira. Watu wa Makindye, mtaa wetu hapa Kampala, wanazisimulia kwa kicheko, na kicheko ni haki yao, lakini wanaziacha nusu.

Ocira ni Mwacholi, mtu wa Kitgum, kaskazini mwa Uganda. Kuzaliwa alizaliwa kambini, kwa sababu baba yake alikuwa mwanajeshi, na utoto wake wote ulikuwa kuhama kambi hii kwenda ile. Kiswahili chake ni cha huko huko kambini. Akikuomba chumvi unasimama wima kabla hujajua. Alipokuwa mtu mzima akaingia polisi, na polisi wakampeleka zimamoto, na zimamoto wakampeleka kusomea mambo ya gesi ya kupikia.

Mwalimu wa somo hilo hakuwa na nyusi.

"Mama, hata moja," Ocira aliniambia. "Uso laini kama yai. Mimi nikasema moyoni, chochote atakachosema huyu mtu, nitafanya."

Na amefanya. Mwalimu alisema gesi ni nzito kuliko hewa, ikitoka haipandi juu, inatambaa chini sakafuni kama paka na kujikusanya penye shimo. Basi Ocira haingii mlangoni kabla hajainama kunusa kizingiti. Katekista wetu alipomwona mara ya kwanza akiinama hivyo mlangoni pa kanisa alimsifu mbele ya watu wote kwa unyenyekevu. Mwalimu alisema mtungi wa gesi hauendewi uso kwa uso, unaendewa kwa ubavuni, upepo ukiwa mgongoni mwako. Basi Ocira anaendea kila kitu kwa ubavuni: mtungi, meza, mama muuza nyanya. Mkewe Aryemo, ambaye yuko Kitgum na watoto, alikuja Krismasi moja akanisimulia: "Hata siku ya kunichumbia alinijia kwa upande. Nilidhani ananipita, nikampisha."

Mandazi yangu huyala akiwa amesimama, baada ya kurusha vumbi kidogo hewani aone upepo unakwenda wapi. Nami sina gesi. Napika kwa mkaa tangu nilipotoka kwetu Bungoma. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Mama, tabia haichagui."

La tatu ambalo mwalimu yule alifundisha ndilo watu hawawezi kulimeza. Gesi ikiwa inavuja na inawaka, usiuzime moto mpaka uwe na uwezo wa kufunga koki. Ukizima moto na gesi bado inatoka, gesi ile haiendi nyumbani kwao. Inakaa hapo hapo, haionekani, inatafuta moto mwingine, na ikiupata itawakusanya wote. Afadhali iwake uione. Wewe mwagia mtungi maji upoe, ondoa watu, subiri.

Sasa, ng'ambo ya barabara alikaa Mzee Owino, Mjaluo wa Siaya, muuza viatu sokoni, mtu wa kusalimia hata watoto wa kunyonya. Mungu akamchukua. Ndugu yake mdogo, Mzee Ondiek, akaja kutoka Kenya kuufuata mwili, na matanga yakaanza pale uani wakati maiti inasubiri vibali vya kuvuka mpaka.

Kwa watu wa Mzee Owino, mwanamume mkubwa akifa moto huwashwa nje, magogo mazima, wanaume hukaa nao, na moto ule haufi mpaka marehemu awe ameingia udongoni. Lakini mama mwenye nyumba, ambaye anakaa Ntinda, alikuwa amepanga matofali mekundu uani, na alitoa amri kwa simu: kuni hapana, moshi hapana, majivu hapana.

Mtoto wa marehemu anaitwa Byron. Anauza chipsi. Akasema, "Baba mdogo, tatizo liko wapi?" Akaleta mtungi wake mkubwa wa gesi na jiko lake la miguu mitatu, akawasha katikati ya uwanja. Kwa heshima akapanga magogo kuzunguka jiko, magogo mazuri makavu ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuyachoma.

Mzee Ondiek aliutazama moto wa bluu kwa muda.

"Huu hauna moshi," akasema. "Marehemu ataujuaje?"

"Unawaka, Baba mdogo."

"Unawaka kama nini?"

"Kama hotelini."

Mzee Owino alipenda sana kula hotelini. Likapita.

Mchana Byron alitaka kupunguza moto ili gesi ifike Jumamosi, siku ya maziko. Shangazi yake mmoja akaangua kilio: "Wanampunguza! Wanampunguza ndugu yangu!" Ukarudishwa juu, ukaachwa hivyo ukivuma kama ndege, na wazee wamekaa kuuzunguka kimya, kila mmoja na kikombe chake cha chai ambayo ilikuwa imepikwa jikoni kwa mkaa, kwa sababu moto ule haukuwa wa kuchemshia chai.

Asubuhi moja kukanyunya. Mzee Ondiek akasema anasikia baridi. Vijana wakamsogezea jiko karibu. Walisogeza jiko, mtungi wakauacha. Mpira ukavutika, ukachomoka kichwani mwa mtungi, gesi ikatoka kwa nguvu, na moto ukaacha jiko ukahamia shingoni mwa mtungi, umetoka ubavuni kama ulimi wa mtu anayetukana.

Watu walitawanyika. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara na mandazi yangu, nikaona viti vya plastiki vinaruka. Aliyebaki ni Mzee Ondiek peke yake, kakaa, kwa sababu moto wa marehemu hauachwi bila mtu. Na Byron alikuwa anakuja mbio na blanketi lililolowa, akitaka kuufunika.

Siku hiyo Ocira hakuwa kazini. Alikuwa anafua yunifomu. Kwa hiyo alitoka alivyokuwa: kaptura, gambuti, helmeti, povu la sabuni hadi viwikoni.

"USIZIME!" akapiga kelele. "Byron! Weka chini blanketi! Usizime huo moto!"

Waombolezaji waliokimbia wakasimama wakageuka. Mzee Ondiek alimpima kwa macho kuanzia gambuti mpaka helmeti.

"Hatimaye," akasema, "serikali imetuletea mtu mwenye adabu."

Adabu hiyo haikudumu. Ocira aliwafukuza wote nyuma ya ukuta wa jirani, upande upepo unakotoka, na kuwakataza kugusa simu wala swichi. Kisha akamwendea mzee. Kwa ubavuni.

"Ladit, na wewe." Ndivyo Waacholi wanavyomwita mkubwa.

"Mimi siwezi kuuacha moto."

"Huo mtungi ukichemka unapasuka. Utamfikia ndugu yako kabla hajazikwa."

"Nitamsalimia basi."

Ocira hakubishana. Alimwinua mzee pamoja na kiti chake, akatoka naye langoni akitembea kinyumenyume, mzee amekaa wima mikono magotini kama askofu anayepitishwa. Akamtua nyuma ya ukuta, mahali ambapo angeweza kuuona moto kupitia tundu. Hilo la tundu mzee alilisimamia yeye mwenyewe.

Gari la zimamoto nilikuwa nimeshalipigia simu kutoka kwangu. Wakasema liko njiani, limekwama kwenye jamu ya magari. Jirani yetu Ochan ana pampu ya kuoshea magari, yenye mpira mrefu. Ocira akaukokota, akajibanza kwenye kona ya nyumba, Ochan akawasha pampu, na maji yakaanza kupiga mtungi toka mbali. Mtungi peke yake. Moto hakuugusa.

Huwezi kuamini kelele zilizofuata. Watu wa mtaa waliokuja kutazama walikasirika.

"Anaosha mtungi!"

"Afande, moto uko juu! Juu!"

"Wamemnunua mjini wapi huyu?"

Nao waombolezaji walikuwa upande wake, ila na mashaka yao. Mzee Ondiek alikuwa kwenye tundu lake: "Chini kidogo! Utaulowesha!"

"Siugusi, Ladit!"

"Tone moja nimeliona!"

"Hilo ni la mvua, Ladit!"

Mimi nilimkumbuka Musa na kile kijiti kilichowaka kisiteketee. Lakini Musa hakuwa na Ochan pembeni anayemuuliza kama amwekee na sabuni.

Mtungi ukapoa, ukaacha kutoa mvuke. Ocira akarusha vumbi, likaenda upande wa moto, akaridhika. Akasema sasa Ochan ashike mpira ammwagie yeye na mtungi pamoja, aingie kwa ubavuni, afunge koki, mambo yaishe.

"Yaishe?" Mzee Ondiek akasimama. "Ukifunga, moto unazimika."

"Ndiyo, Ladit. Ndiyo kazi yenyewe."

"Jumamosi."

"Ladit, ndani ya koki kuna mpira mdogo. Ukiyeyuka, koki haifungi tena hata aje nani. Sasa hivi inafunga. Baada ya muda, sijui."

Wakaanza kubishana, Ocira kwa Kiacholi na mzee kwa Kijaluo. Lugha hizo ni ndugu, kila mmoja alikuwa anaelewa kiasi cha kukasirika. Mwisho mzee akarudi kwenye Kiswahili ili sote tusikie.

"Afande, nikifika nyumbani hawataniuliza aliugua nini. Hawataniuliza sanduku ni la mti gani. Wataniuliza kitu kimoja: moto ulifika? Ndugu yangu amefia ugenini. Tulizaliwa wengi, nimebaki mimi. Niwaambie moto wake ulifungwa na polisi kama bomba la maji?"

Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Mtu mwingine angefunga tu, kwa maana sheria ilikuwa mkononi mwake. Ocira alisimama, povu linamkaukia mikononi. Moto unanguruma. Nilimwona anatazama mtungi, anatazama mzee, anatazama yale magogo makavu ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuyachoma.

"Ladit," akauliza polepole, "moto wenu unaruhusiwa kuhama?"

Mzee akafikiri. "Watu wanahama. Ng'ombe wanahama. Moto nao ukichukuliwa kwa moto, ni ule ule."

"Basi tuuhamishe. Ng'ambo kwa Mama Nabalayo. Ukishashika kule, nafunga huku."

"Na nani atakaa nao?"

"Watoto wake."

"Hapana. Kwetu, anayeutoa moto wa marehemu mahali pake ndiye anakaa nao mpaka azikwe." Sijui kama hiyo ni mila kweli au mzee aliitunga pale pale ukutani. Hata Byron alionekana kushangaa. Lakini ilisemwa kwa sauti ambayo haina rufaa.

Ocira akaishika rozari yake shingoni. "Nimekubali. Nitakaa nao mimi."

Mimi nikasema, sigiri yangu hii hapa, inawaka tayari, uleteni tu. Mzee Ondiek akanipigia kelele kuvuka barabara: "Mama! Huo ni moto wa mandazi! Hauchanganywi!" Kwa hiyo nikaepua mandazi yakiwa nusu, nikamwaga makaa yangu, nikaazima sigiri ya Mama Jasper iliyo baridi, nikajaza mkaa ambao haujaguswa na kiberiti. Na mkaa huo ulikuwa umepata mvua.

Ocira akafunga kitambaa kwenye ncha ya mti mrefu, akauchovya kwenye mafuta yangu ya mandazi, akajongea kwa ubavuni, maji ya Ochan yakimpiga mgongoni, akaunyoosha kwenye ule ulimi. Ukashika. Akampa Byron. Byron akatoka mbio, moto mkononi, akavuka barabara kati ya bodaboda akilia kwa sauti kubwa, "Mpisheni Baba! Mpisheni Baba!" Na bodaboda wa Kampala, ambao hawampishi hata mjamzito, walisimama.

Nikauweka kwenye mkaa. Mkaa ukatoa moshi, ukanyamaza.

"Mama!" Ocira akaita toka kule. Alikuwa amechuchumaa kando ya mtungi, mkono karibu na koki, Ochan anammwagia.

"Bado!"

Nikapepea. Nikapuliza. Sauti ya mtungi ikabadilika, ikawa nyembamba, kama birika linapokaribia kuchemka. Nikaona Ochan anarudi nyuma hatua, anarudi mbele.

"Mama?"

"Bado, mwanangu!"

Angeweza kufunga. Mzee Ondiek alikuwa nyuma ya ukuta, asingeweza kumzuia, na sidhani kama kuna mtu angemlaumu. Hakufunga. Mimi nimeomba mambo mengi kwa Mungu, ndoa, watoto, mguu wangu, lakini kuomba mkaa kwa machozi ilikuwa mara ya kwanza. Nikaweka mdomo karibu nikapuliza mpaka macho yakaingia giza, na kipande kimoja pembeni kikawa chekundu. Kisha jirani yake.

"Imeshika!" nikapiga kelele. "Imeshika, Ocira, funga!"

Akafunga. Mngurumo ukakatika. Wanawake kule nyuma ya ukuta, walipoona moto haupo, wakaangua kilio upya kabisa, kana kwamba Mzee Owino amekufa tena. Ndipo mmoja akaona moshi kwetu. Wakabeba viti vyao, wakavuka barabara kwa mstari, Mzee Ondiek mbele, matanga yote yakahamia uani kwetu. Ocira hakuja nao. Alibaki kule kwa magoti, ananusa matofali mekundu moja moja.

Gari la zimamoto likafika linapiga king'ora. Askari wakaruka chini.

"Moto uko wapi?"

Waombolezaji wote wakaionyeshea kidole sigiri.

Askari wao mmoja, nadhani alikuwa mgeni kazini, akaanza kukunjua mpira. Ocira akavuka barabara mbio, akasimama mbele ya sigiri amepanua mikono.

"Huu hauzimwi!"

"Kwa amri ya nani, afande?"

"Ya marehemu!"

Mkubwa wao aliwatazama wazee, akatazama kaptura ya Ocira, akatazama sigiri. Akavua kofia, akatoa pole kwa wafiwa, akapasha mikono moto kidogo, wakaondoka.

Vibali vikatoka. Ijumaa mwili ukaanza safari na watu wote wakaenda nao. Mzee Ondiek alimshika Ocira mkono wa kulia kwa mikono yake miwili. "Jumamosi mchana, akishaingia udongoni, nitapiga simu mwenyewe. Kabla ya hapo usisikilize mtu."

"Sawa, Ladit."

Alikuwa ameomba ruhusa kazini. Sijui aliwaambia nini. Alikaa na moto ule kama nilivyosema mwanzo, na kwa kuwa hawezi kukaa upande ambao upepo unaelekea, kila upepo ulipogeuka alihamisha kigoda, akawa anauzunguka siku nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia. Watoto wa uani walikuwa wanajua saa kwa kuangalia Ocira yuko wapi. Mama Jasper alimletea matooke akamwambia ayaweke juu basi yaive, moto usikae bure. Akakataa. Alisema huo si moto wa chakula. Aliyala mabichi kidogo, yamechemkia kwangu.

Jumamosi asubuhi simu yake ikalia. Tukaruka wote. Mapema mno, nikawaza, wamezika mapema. Alisikiliza amesimama wima, akajibu "Ndiyo, afande" mara kadhaa, akaingia ndani, akatoka na yunifomu ile aliyokuwa anafua, safi, imepigwa pasi. Aliongeza mkaa kwenye sigiri, akaupanga kwa vidole. Alitazama barabarani ambako gari lilikuwa linakuja kumchukua, akautazama moto. Kisha akanijia, kwa ubavuni, upepo mgongoni.

"Mama," akasema, "wameniita Nateete, duka la mitungi ya gesi linawaka. Naomba unishikie huu wa Mzee, usizimike mpaka Ondiek apige simu."